Mkaguzi na Kioo cha Mara Sitini

Kila alasiri, kengele ya mwisho ikishalia shuleni, Mkaguzi alirudi nyumbani mbio, akavua sare na kuitundika msumarini, akanawa mikono mpaka viwikoni, kisha akaenda kukaa kwenye kigoda chake bandani nyuma ya nyumba. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na hilo Mkaguzi silo jina alilopewa na wazazi wake. Wateja ndio waliompa, kwa utani tu, likamganda mpaka walimu nao wakalishika.

Kazi ya banda lile ilikuwa kunoa. Mama yake alinoa mikasi ya mafundi cherehani, nyembe za vinyozi na visu vya wauza nyama. Alikuwa na gurudumu la jiwe linalozungushwa kwa mguu, vinoo vitatu vilivyoishi ndani ya ndoo ya maji, na mkanda wa ngozi wa kumalizia makali. Baba alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Akiondoka leo, wewe hesabu wiki tatu ndipo usikie honi yake.

Palikuwa na sheria moja bandani, na sheria hiyo iliachwa na marehemu babu aliyemfundisha Mama kazi: anayenoa hakagui. Babu alisema mnoaji huipenda kazi ya mikono yake, na ukipenda, chongo huita kengeza. Kwa hiyo chuma kikitoka kwenye jiwe, lazima mtu mwingine akiangalie kwa kioo cha kukuzia, na mtu huyo ana maneno mawili tu ya kusema. Akisema "tayari," kazi imekwisha. Akisema "bado," mnoaji anarudi kwenye jiwe bila kubisha na bila kununa. Babu alimkagulia Mama miaka yote. Alipofariki, kigoda kikamwangukia mjukuu, na mjukuu, tuseme kweli, alikipenda kigoda kile kupita kiasi. Ni mtoto gani mwingine mtaani aliyeweza kumwambia mama yake "bado," na mama akatii?

Alichokuwa akitafuta kwenye makali ni vitu viwili. Cha kwanza ni vipengo, yaani sehemu ndogo zilizomeguka. Cha pili ni kile kijipande chembamba cha chuma kinachobaki ukingoni baada ya kunoa, ambacho wao walikiita "uzi." Uzi ni mjanja. Mkasi wenye uzi utakata kitambaa vizuri leo na kesho, halafu siku ya tatu uzi unapinda na mkasi unaanza kutafuna nguo. Ndiyo maana Mama hakuamini kujaribu kwa kitambaa. Aliamini kioo, na aliyeshika kioo.

Basi siku moja mwuza nyama alikuja kuchukua visu vyake, akachoka kusimama, akajitupa kwenye benchi bila kuangalia. Kioo cha marehemu babu kilikuwa kwenye benchi hilo. Na mwuza nyama, Mungu amzidishie, hakuwa mtu mwembamba.

"Kuna kitu kimenifinya," alisema.

"Wewe ndiye umekifinya," Mama akajibu, akiokota vipande.

Kesho yake, Jumatatu, Mama alimpa Mkaguzi kitambaa kilichofungwa fundo. "Humu mna mikasi miwili midogo. Huu wenye utepe mwekundu ni mzima, hauna kasoro hata chembe. Huu mwingine nimeuachia uzi na pengo moja makusudi. Nenda kwa fundi saa, atakuonyesha vioo alivyo navyo. Kila kioo, tazama mikasi yote miwili. Tunachotaka ni kioo kitakachokuonyesha tofauti ya huu na huu. Kisichoonyesha tofauti hakitufai, hata kama kimepakwa dhahabu. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Ningekwenda mwenyewe, lakini unaona kazi ilivyorundikana. Malipo tumeshaelewana naye. Wewe ndiye unayekagua, kwa hiyo wewe ndiye utakayechagua."

Mkaguzi akatoka kifua mbele. Kuchagua kifaa cha kazi si kama kutumwa chumvi.

Duka la fundi saa lilikuwa jembamba kama kabati, na saa zilining'inia ukutani, kila moja na wakati wake. Mwanafunzi mwenzake mmoja alikuwa pale akisubiri saa ya baba yake. Darasani walimwita Redio, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia amezimwa. Fundi saa alitandaza vioo vitatu juu ya kitambaa cheusi.

"Hiki kikubwa chenye mpini kinakuza mara tatu," alisema. "Hiki kidogo cha kukunja, mara kumi. Na hiki chenye taa, mara sitini. Lakini binti yangu, usiangalie ukubwa wa namba. Toa vyuma vyako uvijaribu, mimi namsikiliza mteja huyu mara moja."

Akageukia dirishani. Redio hakungoja.

"Washa hicho cha taa! Washa tuone!"

Mkaguzi akakiwasha. Wakaangalia ncha ya kidole, wakaona mistari kama matuta ya viazi. Wakaangalia punje ya sukari, ikawa jiwe zima la kung'aa. Wakaangalia unywele wa Redio, na Redio akapiga ukelele, "Toba! Hii ni kamba ya kufungia ng'ombe!" Wakacheka mpaka machozi yakawatoka. "Chukua hiki bwana, hiki ndicho chenyewe. Cha kukunja kile ni cha wazee. Ukija nacho shuleni, utakuwa malkia."

Malkia! Neno hilo likamwingia Mkaguzi vizuri. Kitambaa cha Mama kilikuwa mfukoni mwake, na fundo lake halikuguswa. Kwani mara sitini si zaidi ya mara kumi? Kinachoona sana kitashindwaje na kinachoona kidogo?

Fundi saa aliporudi aliuliza, "Umejaribu?"

"Ndiyo."

Mzee akamtazama kidogo, akakunja uso, lakini mteja mwingine alikuwa ameshaanza kugonga kioo cha dirisha. Akafunga kifaa ndani ya karatasi.

Nyumbani Mama aliuliza maswali mawili tu. "Ulivijaribu vyote vitatu?"

"Vyote vitatu."

"Kwa mikasi yote miwili?"

Hapo Mkaguzi akalikumbuka fundo mfukoni. Angeweza kusema, "Hapana Mama, nilisahau, narudi sasa hivi." Fundi saa alikuwa hajafunga, na jua lilikuwa bado juu. Mama angemkaripia dakika moja na mambo yangekwisha. Lakini mdomo ukatangulia.

"Yote miwili, Mama."

"Hongera, mwanangu," Mama akasema, akampapasa kichwani. Mkaguzi akakificha kitambaa chini ya nguo zake kabatini.

Siku iliyofuata Bwana Sentimita alileta mkasi wake. Huyu alikuwa fundi cherehani mrefu, aliyevaa utepe wa kupimia shingoni hata akienda msibani, na kila kitu kwake kilikuwa na kipimo. Kama hana haraka, husema, "Nina subira ya mita nzima." Mkasi wake ulikuwa mkubwa, wa chuma cheusi. Aliachiwa na mwalimu wake, na ndio aliokatia sare za shule zote za pale.

"Mwalimu wangu aliniambia mkasi huu utanizika," alisema. "Nawaachia roho yangu."

Mama akanoa. Alikuwa na mkono mwepisi. Ukisikiliza chuma chake juu ya kinoo, kilikuwa kikiimba sauti moja bila kukatika. Akaupitisha mkasi kwenye ngozi, akaufuta, akampa binti yake.

Mkaguzi akawasha taa, akainama. Mama yangu! Makali ya mkasi yalikuwa kama shamba lililolimwa na ng'ombe mlevi. Mitaro, makorongo, vilima. Na picha yenyewe haikutulia. Akipumua tu, inaruka. Akisogeza mkono kidogo, inapotea, anabaki akitazama ukungu.

"Bado," akasema.

Mama akarudi kwenye jiwe. Alipomaliza, Mkaguzi akaangalia tena, akaona mitaro ileile.

"Bado."

Siku hiyo alisema "bado" mara saba juu ya mkasi mmoja. Zamani, kwa kioo cha babu, Mama hakuwahi kufika mara tatu. Mara ya saba Mama aliutazama mkono wake wa kulia, kisha akalowesha kinoo tena. Sheria ni sheria. Hakubisha.

Mkaguzi alijiambia labda mkasi huu una chuma kibaya. Lakini kesho yake visu vya mwuza nyama vilikuwa hivyohivyo. Nyembe za kinyozi hivyohivyo. Kila chuma kilichopita chini ya taa ile kilikuwa msumeno. Wiki ikaisha, na rundo la vitu vilivyokwisha likawa dogo kuliko rundo la vinavyosubiri. Wateja wakaanza kuchungulia mlangoni na kuondoka wakinung'unika.

Siku moja Mama alipokwenda sokoni, Mkaguzi alitoa kile kitambaa kabatini, akafungua fundo kwa meno. Akauweka mkasi wenye utepe mwekundu chini ya kioo chake. Msumeno. Akauweka ule mbovu. Msumeno. Akaibadilisha na kuibadilisha, akafumba macho akachanganya, akashindwa kabisa kujua mzima ni upi. Basi akajua. Kioo kilikuwa na nguvu mno, kikikuza hata mikwaruzo ya kinoo ambayo kila chuma kizima huwa nayo, na kasoro za kweli zikapotea humohumo. Na yeye alikuwa amemwambia Mama kwamba amekijaribu.

Hebu fikiri yalivyomkaba. Akisema "bado," anamrudisha mama yake kwenye jiwe bure, na chuma kinazidi kuliwa. Akisema "tayari," anasema asichokiona. Akisema kweli, itabidi aseme na ule uongo, na pongezi zile za kupapaswa kichwani, na siku zote hizi za kunyamaza. Kila siku aliyoongeza, uongo uliongezeka uzito. Usiku alilala, lakini asubuhi aliamka nao palepale kifuani, umemtangulia.

Akajaribu mlango wa kwanza. Alikwenda kwa fundi saa, akamwomba abadilishiwe.

"Nitabadilisha kwa moyo mweupe," mzee alisema. "Aje tu mama yako aniambie, maana juzi alipita hapa kunishukuru. Alisema umechagua vizuri sana."

Mlango huo ukafungwa. Akajaribu wa pili. Alasiri ile Mama alipompa wembe wa kinyozi, Mkaguzi aliinama, akajifanya anaangalia, akasema, "Tayari."

Mama aliinua uso. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alitabasamu. "Kweli? Alhamdulillahi. Nilidhani mkono umeniaga."

Kesho yake kinyozi alikuja na wembe mkononi. "Mama, huu wembe haunyoi, unang'oa. Nina mteja kule ana machozi kama aliyefiwa. Ameondoka na nusu ya ndevu!"

Wateja waliokuwapo wakacheka, na siku nyingine Mkaguzi angecheka kuliko wote. Mama hakucheka. Aliupokea wembe kwa mikono miwili, akaomba radhi, na kinyozi alipoondoka alikaa kwenye benchi muda mrefu bila kufanya chochote. Hakumuuliza binti yake neno. Hakumshuku hata kidogo, na hilo ndilo lililouma.

Jioni hiyo, Mkaguzi akiosha vyombo uani, alimsikia Mama jikoni akizungumza na mama mdogo, aliyekuja kuwajulia hali.

"Miaka kumi na saba nimefanya kazi hii," Mama alisema. "Mikono yangu nilikuwa naijua. Sasa nanoa kitu mara saba, mara nane, na hakikubali. Mtoto ananiambia bado, bado, na mtoto hana makosa, yeye anasema anachokiona. Nikinoa nasikia moyoni kwamba iko sawa, kumbe haiko sawa. Yaani hata moyo wangu unanidanganya."

"Dada, labda umechoka tu."

"Mtu akichoka anapumzika, anapona. Hii si kuchoka. Mkono umekufa. Na mkono uliokufa ni hatari kwenye vitu vya watu. Nimeongea na mnoaji wa stendi. Atakuja Jumamosi kuchukua gurudumu. Mimi nitaomba kazi ya kufua kwenye ile nyumba ya wageni."

Sahani ikamponyoka Mkaguzi ikaanguka kwenye beseni. Alitaka kuingia jikoni palepale aseme. Akafika mlangoni. Mama aligeuka na kumwuliza, "Unataka nini, mwanangu?" kwa sauti ya upole kabisa, na upole ule ukamrudisha nyuma.

"Sabuni imekwisha," akasema. Haikuwa imekwisha.

Jumamosi ikafika. Mnoaji wa stendi alikuwa kijana mwenye mabega mapana na adabu nzuri. Alisalimia, akaenda chini ya gurudumu na spana, akaanza kulegeza boliti zilizolishikilia sakafuni. Boliti ya kwanza ilipiga kelele kwa kutu. Mama alikuwa akifunga vitu vya wateja kimoja kimoja ili avirudishe. Uliobaki mezani ni mkasi mkubwa wa Bwana Sentimita, na kisu kimoja kidogo cha jikoni cha jirani, ambacho alikuwa amekinoa asubuhi hiyo mara moja tu, kwa ajili ya kuaga.

Boliti ya pili ikatoka. Mama akakifuta kile kisu, akamletea Mkaguzi kwenye kigoda.

"Haya. Nikagulie cha mwisho, tufunge kazi."

Mkaguzi akakipokea. Akawasha taa. Akainama, na ndani ya kioo akaona mitaro na ukungu, uleule wa siku zote. Maneno yalikuwa mawili, na yote mawili yalikuwa uongo. Nyuma yake spana ilikuwa ikizunguka kwenye boliti ya tatu. Machozi yakadondoka juu ya kioo chenyewe.

"Sioni," akasema.

"Unasemaje?"

"Sioni, Mama. Sijaona kitu tangu ile Jumatatu. Kioo hiki hakionyeshi tofauti, nami sikukijaribu. Sikujaribu hata kimoja. Fundo lako sikulifungua. Tulichezea taa na Redio, nikakichukua kwa sababu kinawaka." Sasa alikuwa akilia kwa sauti. "Mkono wako haujafa. Ni mimi. Zile 'bado' zote ni mimi, na ule wembe wa kinyozi nilisema 'tayari' bila kuuona uzi uliobaki."

Spana ilinyamaza. Kijana wa stendi alijitoa chini ya gurudumu, akatazama ukuta kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Mama hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alivuta benchi, akakaa, akaigeuza mikono yake juu, viganja vimechubuka, akaitazama kana kwamba ni mikono ya mtu aliyerudi safari. Kisha akamwambia kijana, "Samahani sana, mwanangu. Nimekusumbua bure. Naomba uzirudishe hizo boliti."

"Kwa furaha, Mama," kijana akajibu. Akazikaza kwa bidii kuliko alivyozilegeza.

Kisha Mama akasimama. "Lete kitambaa na hicho kioo. Na huo mkasi wa Bwana Sentimita uubebe wewe."

Kwa fundi saa, Mama alikaa pembeni na kumwacha Mkaguzi mezani na mikasi miwili midogo. Kioo kikubwa chenye mpini kilionyesha pengo, lakini uzi hakikuuona kabisa. Kile cha taa kilionyesha misumeno miwili. Halafu akakikunjua kile kidogo cha wazee. Fundi saa alimwonyesha jinsi ya kukileta karibu kabisa na jicho, na kuuleta mkasi mpaka picha itulie, mwanga ukitokea ubavuni. Ukingo wa mkasi mzima ulionekana mstari mmoja mweusi uliotulia. Ukingo wa ule mbovu uling'aa vipande vipande, na pengo likajitokeza lenyewe.

"Huu mzima, huu mbovu," Mkaguzi akasema, bila kuangalia utepe.

"Dakika nne," fundi saa akasema, akiangalia saa iliyokuwa karibu naye. "Siku ile mimi pia ningekungoja dakika nne. Nilikuona una haraka, nikakuacha. Kosa langu nalibeba mwenyewe." Akamgeukia Mama. "Nisamehe." Akakichukua kile cha taa, akawaachia kidogo cha kukunja.

Kutoka hapo walikwenda kwa Bwana Sentimita. Mama alisimama mlangoni, akamsukuma binti yake kidogo begani. Mkaguzi akaeleza yote, tangu Redio mpaka boliti ya tatu. Bwana Sentimita aliupokea mkasi wake, akavua utepe shingoni, akapima upana wa bapa. Akapima tena. Siku hiyo hakuwa na utani.

"Milimita tatu," alisema. "Kwa kunolewa vizuri, ningezila kwa miaka kumi. Nyinyi mmezila kwa wiki mbili. Utakata, sikatai, lakini hautanizika tena mkasi huu. Mimi ndiye nitakayeuzika."

"Nisamehe, Bwana Sentimita."

"Nimekusamehe. Lakini msamaha haurudishi chuma, binti yangu. Hilo ulijue."

Walirudi nyumbani. Bandani, kile kisu kidogo cha jirani kilikuwa kingali juu ya kigoda. Mkaguzi akakaa, akakunjua kioo cha mara kumi, akakileta jichoni. Akapitia ukingo polepole kutoka shinani mpaka nchani. Mstari mweusi, umetulia, hauna uzi, hauna pengo. Kisu kilichonolewa mara moja tu na mkono uliosemekana umekufa.

"Tayari, Mama."

Mama alikuwa akiloweka vinoo. Aligeuka.

"Una hakika?"

Katika miaka yote ya kigoda kile, hakuna mnoaji aliyewahi kumwuliza mkaguzi swali hilo. Mkaguzi alihisi uso unamwaka. Akanyoosha kioo kwa mama yake. "Chukua uangalie mwenyewe."

"Hapana. Anayenoa hakagui, na sheria hiyo sitaivunja kwa sababu yako. Angalia tena. Mimi nangoja."

Akaangalia tena, mara hii polepole zaidi. "Tayari," akasema, na sauti ilikuwa ndogo.

Mama akaja akachuchumaa mbele ya kigoda, macho kwa macho.

"Nisikilize. Ungeniambia siku ile ile kwamba hukujaribu, ningekukaripia na ungerudi dukani, basi, yangekwisha. Uongo wa kioo ni mdogo. Lakini uliponyamaza, mimi nilitafuta kosa liko wapi, na kwa kuwa nilikuamini wewe, nikaliona kwangu. Mtoto wangu, ukimdanganya mtu anayekuamini, haachi kukuamini wewe. Anaacha kujiamini mwenyewe. Nilikuwa nakwenda kufua mashuka ya watu nikiamini mikono yangu imekufa." Akakigusa kioo mkononi mwa binti yake. "Kuanzia leo una neno la tatu. Usipoona, sema 'sioni.' Hakuna atakayekucheka, na hakuna kitu kitakachoharibika. Kinachoharibu ni kusema umeona."

"Na utaniuliza 'una hakika' mpaka lini?"

"Sijui," Mama akasema kweli. "Mpaka siku nitakayosahau kuuliza."

Akaupokea ule mkono mdogo ulioshika kioo, akaubana kidogo ndani ya viganja vyake vilivyochubuka. Kisha akaufungua wembe wa kinyozi kutoka kwenye rundo la vitu alivyokuwa amevifunga, akakaa kwenye gurudumu, akaanza kukanyaga. Chuma kikaimba sauti moja bila kukatika, naye aliposikia kinavyoimba, machozi yakamtoka, akayafuta kwa bega asiache kunoa.